Pamba Ni Zao

Hapo zamani za kale, kabla barabara hazijazoea kwenda baharini tu, palikuwa na bonde lenye udongo mweusi, na wenye bonde walikuwa wanyama wakubwa. Tembo alikuwa jumbe. Watu wake, Nyati, walilima mtama mpaka ukawapita kimo.

Najua mnampenda Sungura. Kila nikianza hadithi mnamngojea yeye, mpate kumcheka Fisi. Leo Fisi hayupo, na Sungura mtamchukia. Kaeni vizuri.

Bondeni humo aliishi Bi Nyati na binti yake mdogo aliyeitwa Mashavu. Jina lilimfaa. Mtoto yule alikula ugali wa mtama kwa boga, akalala, akaamka, akadai mwingine. Ng'ambo ya mto aliishi shoga yake Bi Nyati, Bi Ngiri, mkulima wa muhogo. Mtama ukizidi huku, unapelekwa kule. Muhogo ukizidi kule, unaletwa huku. Kwa hiyo njia ya kivukoni ilikanyagwa kila siku, na hakuna aliyelala njaa upande wowote.

Siku moja akaja Sungura, amevaa kanzu nyeupe pe!

"Hodi hodi, wenyewe!"

"Karibu," akaitika Tembo. "Lo! Umevaa nini hicho?"

"Kanzu, Jumbe. Inalimwa."

"Kanzu inalimwa? Acha mzaha wewe!"

"Haki ya Mungu! Mbegu zake hizi hapa." Akatikisa mfuko, chaka chaka chaka. "Unapanda pamba. Ikikomaa unaipakia melini, inakwenda kwa mabwana Kunguru, ng'ambo ya bahari. Inarudi kanzu."

Tembo akajitazama. Mwili wote ule, na hajawahi kuvaa hata leso.

"Ya kunienea mimi ipo?"

"Wewe panda tu, Jumbe. Watakushonea mbili."

Bi Nyati alikuwa mwanamke wa kuuliza, akauliza: "Na hiyo pamba inapikwaje?"

Wakamcheka, kwa kwa kwa! Sungura alicheka kidogo tu, kwa adabu.

"Haipikwi, dada. Pamba ni zao la biashara. Ukiwa nayo, chakula utakikuta dukani."

"Duka la nani?"

"Langu. Lakini lione kama la kwako."

Haya, pamba ikapandwa. Kwanza ilipandwa pembeni mwa mashamba. Kisha Sungura akasema pamba haipendi majirani, mtama uondoke. Tembo, ambaye tayari alikuwa akiota kanzu, akapita shamba kwa shamba na mkonga wake. Vruu! Vruu! Bi Nyati akasimama akiutazama mtama wake ukilala chini na masuke yake mabichi. Alilia. Sitawaficha, alilia kama mtoto, na Mashavu akalia kwa kumwona mama yake analia.

Baada ya hapo ikachimbwa barabara. Sungura hakushika jembe hata kidogo. Tembo aling'oa visiki, Nyati wakasawazisha udongo kwa kwato. Ikatoka barabara pana, kutoka mashambani moja kwa moja hadi gatini, meli zinapofunga.

"Mbona haipiti kivukoni kwa kina Ngiri?" akauliza Bi Nyati.

"Kule kuna nini cha kupakia? Muhogo?" Sungura akashika mbavu kwa kicheko. "Dada, barabara haijengwi kwa ajili ya muhogo!"

Palizi ya pamba haikumwachia mtu nafasi ya kutembea kwa shoga. Njia ya kivukoni ikaota nyasi, ikapotea.

Msimu ukafika. Pamba ikavunwa, ikarundikwa uwanjani mpaka uwanja wote ukawa mweupe. Wakati huo vihenge vilikuwa vitupu, na Mashavu alikuwa akilamba vyungu. Ndipo Sungura akaja mbio, anahema.

"Kesho Bwana Kunguru anakuja mwenyewe! Jumbe, tuitishe baraza. Huyu bwana Kiswahili chake ni cha kuokoteza, msimchoshe kwa maneno mengi. Ataulizia pamba. Haya, tujaribu. Pamba ni nini?"

"Ni zao la biashara!" wakaitika.

"Mmh, refu hilo! Atapotea njiani. Pamba ni nini?"

"Ni zao!"

"Hapo hapo! Na nyumba itakayoitikia kwa sauti kubwa kuliko zote, ndiyo itakayopata unga kwanza."

Katika maneno yote hayo Bi Nyati alisikia moja tu: unga.

Sasa sikilizeni mila ya bonde lile. Neno likitamkwa barazani kwa sauti moja, mbele ya ngoma, mara tatu, halirudi tena. Hata jumbe hawezi kulirudisha. Tembo alijivunia sana mila hiyo, na Sungura alikuwa amemsikia akijivuna.

Kesho yake Bwana Kunguru akatua juu ya rundo la pamba, koti jeusi, kola ya kijivu. Nyuma yake wakatua wenzake.

"Kwaa!"

"Bwana anauliza," akasema Sungura, "pamba hizi zote mnazoziona hapa, ni...?"

Ngoma ikalia, ti!

"Ni zao!"

"Hajasikia!"

Ti! "Ni zaoo!"

"Kwa mara ya mwisho!"

Ti! "Ni zaooo!"

Sauti iliyopita zote ilikuwa ya Bi Nyati. Alipiga kelele mpaka koo likamuuma.

Sungura akamgeukia Bwana Kunguru, akainama. "Bwana, nimewauliza pamba hizi ni za nani. Wamejibu kwa kinywa chao. Ni zao." Akanyoosha kidole kwa Kunguru, mmoja mmoja. "Zao hawa. Mabwana wa ng'ambo."

"Ala!" Tembo akaruka. "Sisi tumesema zao! Zao la shambani!"

"Nami nimesikia zao, Jumbe. Tumesikia wote. Au siku hizi neno la baraza linarudi?"

Tembo angeweza kumkanyaga Sungura pale pale asibaki hata sikio. Lakini angeikanyaga na mila aliyoisifia maisha yake yote, mbele ya watu wake. Isitoshe, zile kanzu mbili zilikuwa bado hazijarudi. Akainua mguu, akautazama, akaushusha.

"Kwaa, kwaa," wakasema Kunguru. Na nani aliyebeba pamba kuipeleka melini? Wao wenyewe waliolima, kwa barabara waliyoichimba wenyewe.

Bi Nyati alipewa kibaba kimoja cha unga wenye wadudu. Akamsongea mwanawe ugali, ukaisha. Akamkorogea uji, ukaisha. Akachukua kikapu kitupu, akamshika Mashavu mkono, akaanza kupekua nyasi kuitafuta njia ya kivukoni. Wakafika mtoni wamechanika kwa miiba. Katikati ya maji wakamkuta Bi Ngiri anakuja, naye amebeba kikapu kichwani.

"Shoga yangu! Nilikuwa naja kwako. Nipatie mtama kidogo, watoto wanakufa."

Bi Nyati akakitazama kile kikapu. "Na mimi nilikuwa naja kwako kwa muhogo."

"Muhogo gani? Uling'olewa. Siku hizi kwetu ni mkonge mtupu mpaka mlimani. Tuliitwa barazani, tukaulizwa katani zake ni nini."

Bi Nyati hakuuliza walijibu nini.

"Tulime kwa siri," akasema. "Wewe muhogo wako, mimi mtama wangu, katikati ya mashamba hayo hayo. Nani ataona?"

"Mbegu ya mtama unayo?"

"Tulikula. Wewe vijiti vya muhogo unavyo?"

"Tulipikia."

Wakasimama majini, mashoga wawili wazima wenye nguvu zao. Kisha wakarudi mashambani, wakaifuata ile barabara pana, maana nyingine haikuwepo.

Mlangoni pa duka la Sungura, pale gatini, walimkuta Tembo amesimama na rungu. Sasa alikuwa mlinzi. Kanzu yake ilikwisha kuja, moja, imemfika masikioni tu, ameivaa kama kilemba. Hakuwatazama usoni.

"Karibuni, karibuni!" Sungura akawaita kutoka ndani. "Unga umeshuka melini juzi, mweupe, hauna hata mdudu."

"Tupimie," akasema Bi Nyati. "Mtoto wangu hajala."

"Pole, maskini. Lakini unga huu ni wa wale wanaochukua mbegu za msimu ujao. Mfuko wa mbegu, kibaba cha unga. Na wewe mama wa ng'ambo, miche yako ya mkonge ile pale."

"Na tukikataa?"

"Mkikataa? Hakuna anayewalazimisha, dada. Mlango ule pale."

Bi Nyati alikuwa na pembe mbili, na meza ya duka ilikuwa ya mbao nyepesi. Pigo moja tu, na duka lote lingekuwa chini. Sungura alilijua hilo. Sikio lake moja lilitetemeka, nawaambia, ingawa mdomo uliendelea kucheka.

Lakini Mashavu alikuwa ameona unga kidogo uliomwagika mezani. Alikuwa amejinyoosha kwa ncha za kwato, anaulamba, na mbavu zake zote zinahesabika mgongoni. Bi Nyati akawaza: nikivunja leo, atakula nini kesho?

Akauchukua mfuko wa mbegu za pamba, akajitwika. Sungura akampimia unga, akasawazisha kibaba kwa kiganja ili kisizidi hata chembe.

"Asante, bwana," akasema Bi Nyati. Hakuwahi kumwita bwana kabla ya siku hiyo.

Wajukuu zangu, anayekung'olea chakula chako shambani ndiye utakayempigia magoti ukiona njaa.