Mama Aliyefiwa Mwaka wa Nane

Kulikuwa na mama mmoja aliyefiwa na binti yake wa pekee. Siku ya msiba alilia mpaka sauti ikakauka, akawa anajigaragaza chini. Sisi watu wa msibani hatupendi kuona hivyo. "Mama, nyamaza. Jikaze," wakamwambia. Akapelekwa zahanati, akapewa vidonge vya usingizi vya wiki mbili. Binti akazikwa mama ameketi kwenye kiti, macho makavu, kama mpita njia.

Wiki mbili zikaisha, akaogopa. Akatafuta vingine, na vingine tena, miaka saba ikapita. Jioni kidonge, asubuhi kichwa kizito. Kanisani wakamsifu: "Yule mama ana imani, jamani! Hatujamwona akitoa chozi." Naye alitabasamu, akaona haya kusema kwamba imani hiyo inatoka kwenye pakiti. Kilichomtesa ni kimoja: kila akijaribu kukumbuka maziko ya mwanawe, hakuti kitu.

Mwaka wa nane akaanguka bafuni, akavunjika mkono. Daktari alipomuuliza, akasema ukweli wote, na habari ikawafikia majirani. Daktari hakumwachisha vidonge ghafla. Alimpunguzia kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Basi asubuhi moja, akiwa anachambua mchele, akaangua kilio.

Mnajua desturi yetu. Kilio kikisikika, watu hawasubiri kuitwa. Majirani wakaja mbio na kuni, na mikeka, na sukari.

"Nani tena, mama?"

"Mwanangu!"

"Mwanao yupi? Si tulimzika zamani?"

"Mlimzika nyinyi," akasema. "Mimi nimefiwa leo."

"Vidonge vimemharibu huyu," akasema mmoja, akajitwika kuni zake. "Na mimi nimeacha maharage motoni, mwenzenu!" akasema mwingine. Wakaondoka mmoja mmoja. Mama akabaki na ungo mapajani, akilia peke yake.

Wapendwa, nawauliza: pale mgonjwa alikuwa nani? Sisemi dawa ya daktari ni dhambi, na anayeitumia asije akaiacha ghafla kwa sababu ya maneno yangu mimi nisiyesoma sana. Nasema juu yetu sisi. Nani alimwambia anyamaze?

Nakiri mbele yenu: nimesimama kwenye misiba mingi nikawaambia watu wajikaze, nikijidai nafariji. Kumbe nilikuwa naogopa, maana sina la kuyajibu machozi yao. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake. Sisi ni nani hata tuwakataze wengine?

Yupo mtu kwenye benchi lako leo, na tunamsifu kwa ukimya wake. Tukitoka hapa usimhubirie. Mfuate nyumbani kwake, kaa chini, umwache alie mpaka amalize mwenyewe.