Nyota na Walezi

“Majina mawili, kaburi moja.” Mmeisikia msibani, sasa mwataka kujua ilikotoka. Haya, sogeeni. Ilizaliwa hivi.

Tabora palikuwa na maabara mbili za ubongo, moja kaskazini ya reli, moja kusini. Wakubwa wake hawakusalimiana, lakini mtu wa kupaka rangi walikuwa naye mmoja, Nyamizi. Yeye ndiye aliyekata vipande vyembamba vya ubongo, akavipaka rangi juu ya vioo ili vionekane kwenye hadubini. Mdomo wake ulijulikana mji mzima: ndoa ikitikisika asubuhi, adhuhuri ameshaifikisha sokoni.

Kusini, Daktari Mshana alikuwa na dawa ya kutuliza seli alizoziita walezi, zikivimba. Kaskazini, Daktari Lugendo alipima kipande cha ubongo kilichotolewa kichwani mwa Shija, mtoto wa Kabula, aliyesumbuliwa na kifafa. Akaandika: “Seli za nyota zimevimba.” Akapekua vitabu vyote akitafuta dawa ya nyota. Hakupata. Shija akafa kabla mvua hazijaanza. Alikuwa na miaka saba.

Siku ya tatu ya matanga Mshana alikuja kutoa pole. Nyamizi, shangazi yake Kabula, akamletea chai.

“Mtoto aliumwa nini, Nyamizi?”

“Nyota zilivimba, daktari.”

“Nyota gani?”

Nyamizi akachora kwa kidole kwenye sinia la unga: kiini, mikono mingi, mmoja umeushika mshipa wa damu.

Mshana akaweka kikombe chini. “Hawa si walezi wangu?”

“Wanafanana.”

“Uliwaona lini wanafanana?”

“Tangu masika. Nikasema, wangekuwa wamoja, wasomi wangewaita jina moja. Mimi mpaka rangi ni nani?”

Kabula alikuwa mlangoni, kanga ya msiba kichwani. Hakupaza sauti.

“Shangazi. Mimba ya Shija uliitangaza mtaa mzima kabla sijamwambia mume wangu. Hili ndilo ulilolinyamazia?”

 

Baada ya arobaini madaktari wale walikaa meza moja, wakalinganisha majina yao, seli kwa seli. Ikawachukua siku mbili tu. Siku mbili!

Nyamizi aliendelea na kazi, ila umbea aliuacha. Kila kioo alikiandikia majina yote mawili, la kaskazini na la kusini. Aliyemuuliza mbona anajichosha, alimjibu bila kuinua macho: “Majina mawili, kaburi moja.”