Lango la Mwanamkasi

Sijui kwa nini mkiishiwa na akili mnakuja kwangu. Maharage yako motoni, moshi umenijaa machoni, na nyie watu wazima na ndevu zenu mmejipanga hapo mnataka mfano. Shule mimi niliiona kwa nje. Mambo ya mashine nitayasema kama nilivyoyapata, na asiyeelewa asinivute kanga. Hata waliokutwa nayo hawakuelewa.

Mtu mmoja alikuwa na meza.

Jina lake Shekue. Kila alasiri watu walikuja ukumbini kwake, wakaizunguka meza ile na kucheza. Mchezo wao ulianzia kwenye kitu tunachokijua sote: mtu anatega kitendawili, wenzake wakishindwa wanampa mji. Kwenu nyie mji huo unaishia hewani. Kwa Shekue haukuishia hewani. Ukipewa mji ulikuwa wako. Uliuweka mezani kwa komwe na vipande vya vifuu, ukaupa jina, ukasema nani anaishi humo, analima nini, anagombana na nani. Ukitaka kujaribu jambo la hatari ulirusha dadu, nayo dadu ikasema umeweza au umeumia. Kesho yake uliendelea ulipoachia. Watu wakazeeka pamoja na miji yao. Kanuni zilikuwa katika kitabu alichokiandika Shekue kwa mkono wake, na ya kwanza ilisema: mji uliotolewa haurudishwi.

Miongoni mwao alikuwa Mwanamkasi, muuza uji wa pilipili manga. Alipanga chumba kisicho na komeo. Mwenye nyumba, Bi Mgeni, aliingia alipotaka. Aliingia kutazama kama paa linavuja, na ni kiangazi. Alifunua sufuria, akanusa, akasema, "Samaki leo! Mambo yako mazuri, mpangaji wangu." Mwanamkasi aliitikia, "Ndiyo, mama." Asiye na kwake hana kauli.

Lakini mezani alikuwa na mji uitwao Tulia, na Tulia ulikuwa na lango. Kitabu kilisema: hapiti mtu langoni mpaka ajibu kitendawili cha mwenye mji. Na vitendawili vya Mwanamkasi vilikuwa vigumu kama koko la embe. Kombo fundi baiskeli alipiga kambi nje ya lango lile muda mrefu hata askari wake wakalima mihogo hapo na kuivuna. Hakuingia. Mwanamkasi alicheka hadi machozi, na akirudi chumbani kwake alikuwa mtu aliyefunga mlango mahali fulani.

Basi Shekue akanunua kompyuta.

"Kichwa kinasahau, na komwe panya wanazichezea," aliwaambia. "Leteni miji yenu niiweke humu. Mtaiona kwenye simu zenu hata mkiwa chooni."

Wakaileta. Na yeye humo ndani akafungua duka: malango, visima, mikuki, mafahali. Kile ulichokuwa nacho mezani ulikinunua tena ili kionekane kwenye simu. Mtaniuliza kwa nini mtu anunue kilicho chake. Mimi niliuliza hivyohivyo, nikaambiwa sijui mambo. Mwanamkasi alilinunua lango lake kwa uji wa Ramadhani nzima, na Shekue akamwambia mbele ya watu, "Hili sasa limefungwa, dada yangu. Hata mimi siliwezi. Nakuahidi."

Komwe zikafungwa kitambaani, zikatiwa uvunguni mwa meza.

Wakaja vijana. Nao walitaka kucheza, na kila walikokwenda walikuta malango ya wazee yamefungwa. Wakanung'unika. Shekue alipenda kuitwa Bwana na vijana, kwa hiyo akaandika kitabu kipya. Kitabu kipya kilisema lango hufunguka kwa yeyote ambaye dadu yake itaonyesha nne au zaidi. Kilisema mkuki hujeruhi tu, hauui. Kilisema na mengine mengi. Asubuhi moja alikitia kitabu hicho katika mashine, akawapelekea watu ujumbe: Kanuni zimeboreshwa. Basi.

Sisemi kitabu kipya kilikuwa kibaya. Kanga mpya si dhambi. Dhambi ni kumvua mtu ya zamani akiwa amesimama sokoni.

Mwanamkasi alikuwa akiosha vikombe vya uji alipofungua simu kuutazama Tulia. Akakuta vijana asiowajua wameketi kwenye ukingo wa kisima chake. Akakimbilia langoni. Lango lilikuwepo, rangi ileile, misumari ileile. Akalifunga. Simu ikamwambia: Lango limefungwa. Akaingia mtu mwingine, anatafuna muwa. Akalifunga tena. Limefungwa, ikasema simu, na nyuma ya huyo wakaingia wawili na mbuzi. Mwanamkasi akajigusa shingo kutazama kama ana homa.

Alasiri ile ukumbini kwa Shekue palikuwa kama nyumba ya msiba ambayo hakuna anayejua nani amekufa. Kwa Kombo ilikuwa kinyume, kwake mtu alikuwa amefufuka. Zamani hizo Kombo alimuua kwa mkuki adui yake mchezoni, mtu aitwaye Mwinyi Mpandu, akamzika kwa heshima, eda ikaisha, akamuoa mjane. Sasa kitabu kipya kimesema mkuki hauui. Mashine ikahesabu upya, Mwinyi Mpandu akatoka kaburini na sanda yake, anauliza chakula kiko wapi.

"Shekue, mimi ni mtu wa swala," alisema Kombo, jasho linamtoka. "Niambie kweli. Nimeoa mke wa mtu?"

"Soma kitabu."

"Nimesoma. Kinasema mkuki hauui. Hakisemi mwanamke arudi wapi."

Wengine walicheka, lakini si kwa muda mrefu, maana kila mmoja alikuwa na maiti wake. Hapo Mwanamkasi akasogea akasema lango lake halifungi. Shekue hakukasirika. Alimjibu kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Lango lako lipo au halipo?"

"Lipo."

"Picha ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

"Na jina?"

"Jina ni lile."

"Basi dada yangu, nimekuchukulia nini?"

Kila alichoulizwa Mwanamkasi alikuwa nacho. Akarudi kwake akakuta Bi Mgeni ameketi kitandani pake. "Nimeingia kutazama paa," alisema Bi Mgeni. Mlango ulikuwepo. Bawaba zilikuwepo. Mwanamkasi alisimama kizingitini, na kwa kitambo kidogo hakujua yuko chumbani au yuko Tulia, wala ni yupi kati yao wawili aliye mgeni.

Siku zilizofuata meza ilikuwa vurugu. Mmoja anacheza kwa kitabu cha zamani, jirani yake kwa kipya, wa tatu kwa kile kinachompa ushindi. Watu waliokula sahani moja wakaanza kuitana waongo. Mwanamkasi hakumwita mtu mwongo. Alitaka tu kuelewa, na kwa kuwa akiwa ndani ya lango hakuelewa, aliona alitazame lango akiwa nje. Zamu yake ilipofika akawapeleka watu wake kwenye mji wa karibu kuliko yote. Mji huo ulikuwa wa Shekue mwenyewe, uitwao Mwanzo.

Akarusha dadu. Ikatua sita, akaiingiza kwenye simu.

Simu ikasema: Lango limefungwa. Jibu kitendawili.

Akadhani amekosea. Alikuwa amezoea kudhani hivyo. Akampa dadu kijana aliyeketi kando yake. Kijana akarusha, ikatua tano. Lango limefungwa. Jibu kitendawili.

"Bwana Shekue," alisema kijana, "mashine yako inaumwa."

Shekue akavua miwani akaanza kuifuta kwa kanzu. "Haiumwi. Mwanzo niliuacha kwa kitabu cha kwanza. Ni mji wa zamani ule. Kuugusa kungeleta matata."

Mwanamkasi akauliza, na hakuinua sauti:

"Na wangu ni wa lini?"

Shekue aliendelea kufuta miwani iliyokwisha kutakata.

"Kitendawili," alisema Mwanamkasi.

"Tega," alijibu Shekue. Mdomo ulimtangulia. Aliyelelewa na neno hilo hawezi kulizuia, ni kama kupiga chafya.

"Nilipewa imefungwa, nikaiweka imefungwa, nimeirudia i wazi."

Shekue akatazama dari. Jibu alilijua. Kila aliyekuwapo alimwona akilijua.

"Chupa ya soda," alisema.

"Siyo."

"Kaburi."

"Labda la Mwinyi Mpandu," alisema Kombo, na safari hii watu walicheka kwa muda mrefu.

"Umeshindwa," alisema Mwanamkasi. "Nipe mji."

Shekue akampa mji wa kijana mmoja wa mbali. "Huo una mwenyewe," alisema Mwanamkasi. Akampa mwingine. "Na huo una mwenyewe." Akamaliza ya watu wote, hata akabaki ameukodolea macho mji mmoja tu.

"Nakupa Mwanzo," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayetaja ugonjwa wake. "Haya, nimekupa. Sema jibu."

"Jibu unalo mwenyewe, kaka."

Mwanamkasi akainama, akazitoa komwe uvunguni, akazipangusa buibui. Kombo akachukua dadu. Wakatoka, na wengine wakawafuata. Wakaweka meza katika karakana ya Kombo, juu ya sanduku la vipuri, kati ya minyororo na mipira ya magurudumu, wakaijenga miji yao upya kwa kumbukumbu. Mengine walikuwa wamesahau, wakagombana, wakapatana. Mwinyi Mpandu alizikwa mara ya pili, Kombo akasoma dua ndefu kuliko ya kwanza. Na siku ile ile, njiani, Mwanamkasi alinunua komeo. Bi Mgeni alipokuja kutazama paa aliukuta mlango hausogei. Alisukuma. Akasukuma tena. Kisha, jamani, akasema hodi.

Shekue alibaki na mashine. Humo ndani yalikuwamo malango yote, na visima, na mafahali, picha zilezile na majina yaleyale, ila wenyewe hawamo. Vijana walikaa naye kidogo. Kuvunja lango lisilo na mtu nyuma yake kunachosha upesi, nao mmoja mmoja wakahamia karakana.

Mwishowe na yeye akaja. Walimwitikia salamu, wakampa kahawa, hawakumtukana. Lakini asiye na mji anaingia mchezoni kwa kupita lango la mtu, na lango lililokuwa upande wa mlangoni lilikuwa la Mwanamkasi. Kitendawili chake kilikuwa kilekile. Shekue alikisikiliza, akajibu chungu. Siku nyingine akajibu pakacha. Siku nyingine akajibu kinywa cha mlevi. Kila alipokosea alirudi kuketi nje juu ya gurudumu bovu, akinywa kahawa yake, akisikiliza dadu zinavyoruka ndani.

Mvua za vuli zikaanza. Alasiri moja alisimama mlangoni pa karakana, kanzu imemganda mwilini, na vijana waliokuwa wakimwita Bwana wote wapo wanamtazama.

"Ahadi," alisema.

Mwanamkasi hakuinua uso kutoka mezani. "Ya nani?"

Maji yalimchuruzika Shekue puani na ndevuni.

"Ya Shekue," alisema Shekue.

Mwanamkasi akalisogeza lango kwa kidole, akamwachia nafasi kwenye benchi. Mji hakumrudishia.