Darasa la Mtu Mmoja

Tegeni sikio vizuri, maana mwishoni mtaulizwa ninyi.

Chuo cha Maabara cha Kisangile kiliponyang'anywa ithibati, wanafunzi walifunga mabegi wakaondoka. Nani asomee cheti kisichotambulika? Wakabaki watatu, wote wa mwaka wa pili. Kilian alikuwa na mikono: chombo kilichokufa kilifufuka kwake. Nyamizi alikuwa na mdomo: ukibishana naye unajikuta unamshukuru. Wa tatu, aitwaye Sikudhani, alikuwa na subira tu, na mwenyewe hakuihesabu kuwa kipaji.

Wakaguzi waliahidi kurudi. Walitaka maabara inayofanya kazi, walimu wa kutosha, na masomo yasiyokatika.

Kilian akajifungia maabara na hadubini mbovu za chuo, hakutoka mpaka zote zikaona.

Nyamizi akawafuata walimu waliotawanyika mikoani. "Mwalimu, umetuacha yatima, halafu wali unapita kooni?" Wakarudi mmoja mmoja, wanacheka kwa aibu.

Na Sikudhani? Akaenda darasani. Kila asubuhi, peke yake, viti vitupu nyuma yake. Mwalimu Mhagama, ambaye hakuwahi kuondoka, aliingia akisalimu vilevile: "Hamjambo, darasa?"

Naye alisimama. "Hatujambo, mwalimu." Sauti iligonga ukuta wa nyuma ikamrudia. Hata akiugua alikwenda. Angekosa yeye, masomo yangekatika. Jioni bwenini aliwasha taa za vyumba vya waliohama, madirisha yasimtazame yakiwa giza.

Wakaguzi wakaja, wakaridhika, ithibati ikarudi. Kisha kiongozi wao akakohoa.

"Mwaka uliosomwa bila ithibati hauhesabiwi. Tumeruhusu mwanafunzi mmoja tu aingie mwaka wa tatu. Wengine waanze upya. Mkuu wa chuo atamtaja."

"Mmoja?" Nyamizi akaruka. "Kosa la chuo, adhabu yetu?"

"Ndio utaratibu, binti."

"Bila hadubini mngekagua nini?" akauliza Kilian.

"Na bila walimu?" Nyamizi akadakia. "Huyu Sikudhani alikaa kitini tu!"

"Mngekaa ninyi basi," Sikudhani akasema. "Nani aliwahi kuniuliza nimeshindaje?"

"Tungekuuliza saa ngapi?" Kilian akajibu taratibu. "Tulikosa vipindi ili wewe uwe na chuo cha kusomea."

Sikudhani akapima moyoni. Akitajwa, atasoma mwaka wa tatu bila hawa wawili. Asipotajwa, asubuhi zote zile zimekwenda bure.

Mkuu wa chuo ameshika kalamu, anawatazama, mkono hauandiki. Haya, mpokeeni kalamu ninyi: mngeandika jina la nani, na wale wawili mngewaambia nini?