Gamba la Dundu Mlangoni pa Mzinga

Paukwa.

Pakawa.

Mbona mnaitika kama mmelala njaa? Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mzinga.

Na ndani ya mzinga?

Nyuki.

Na nje ya mzinga?

Mwenye kuutaka.

Ehe, sasa mko macho. Sogeeni. Wewe Mwatima, acha kuushika huo mkono, haudondoki. Najua sindano ya jana imekuuma, na mama yako ndiye aliyekushika ukachomwa. Ngano ya leo ni yako.

Hapo zamani za kale, nyuki walipokuwa wakiitana kwa majina, palikuwa na mzinga wa gogo uliotundikwa kwenye mti wa mgunga. Ndani yake alikaa Mama Malkia na binti zake, na binti zake hawakuhesabika. Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Huyu analea majana, yaani watoto wachanga wa nyuki. Yule anafagia. Hawa wanaleta chavua, wale wanalinda mlango, na hakuna aliyepita mlangoni bila kunuswa.

Ukuta wa mzinga ulipakwa gundi, ile gundi nyeusi ya utomvu wa miti. Ufa ukitokea asubuhi, jioni umezibwa. Mwenye kuziba alikuwa nyuki mmoja jina lake Sihaba. Kazi ya gundi haina sifa. Anayeleta asali hushangiliwa, anayepaka gundi hunata miguu tu. Sihaba akanata miguu, akapaka, akanyamaza. Ulimi wake ulikuwa mkali, ila aliuweka akiba.

Nyuki wale walikuwa na ada moja. Mwenzako akikugonga mdomoni mara mbili kwa vipapasio vyake, unampa asali. Humwulizi ni wa nani wala ametoka wapi. Mwenye njaa hahojiwi. Ada nzuri, sivyo? Basi ishikeni hapo hapo.

Siku moja akaja Nyegere. Nyegere hajui hodi. Akaparura mzinga mara ya kwanza, akaparura mara ya pili, mara ya tatu gogo likapasuka. Nyuki wakamtokea, wakamchoma puani, akaenda zake akipiga chafya. Lakini ufa ulibaki, mrefu kama kidole, na gundi ya siku ile ilikuwa imekwisha.

Kwenye ufa ule akaingia Dundu.

Dundu alikuwa mdogo kama punje ya choroko, mweusi, mgongo mgumu. Hakuwa na mwiba wala meno ya kutisha. Akamwendea mlezi mmoja wa majana, akamgonga mdomoni mara mbili, akasema kwa unyonge, "Bibi, njaa." Mlezi akampa asali. Alipokwisha kushiba akataga mayai kwenye masega. Mayai yakaanguliwa. Watoto wa Dundu wakala asali, wakala chavua, wakala majana vitandani mwao. Popote walipopita, asali iligeuka maji yanayonuka.

Ndipo walinzi waliposhtuka. Walikuja mbio, wale vijana wa mlangoni wasiouliza mara mbili, wakamrukia Dundu na kumchoma. Miiba ikateleza. Dundu aliingiza kichwa ndani ya gamba, akatulia kama jiwe. Miiba ikavunjika, na nyuki aliyevunjika mwiba haioni kesho. Siku ile ya kwanza walikufa wengi. Msiwacheke. Wasingewahi wao, Dundu angefika kwa Mama Malkia kabla ya jua kutua.

Siku ya pili nyuki wote waliobaki wakajipanga, wakatikisa mbawa bila kuruka. Wakatikisa, wakatikisa, mzinga ukawa na joto kama jiko.

Mama Malkia akasema, "Wanangu, naungua. Nyumba yetu inaumwa."

Sihaba alikuwa karibu, miguu imemnata kama kawaida. "Joto hili ni sisi, mama," akasema. "Anayeumwa nalo ni yule."

Kweli, watoto wa Dundu walikuwa wamelegea, hawali tena kwa pupa. Lakini nta nayo ilianza kulainika. Sihaba akaona, akawaambia wenzake, "Leteni maji. Tukizidisha tutajichoma wenyewe." Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani hata atoe amri. Wakaleta maji.

Siku ya tatu Sihaba akamwendea Dundu, na mkononi hana silaha ila gundi yake. Akampaka mgongoni, gundi ikateleza. Akampaka kichwani, kichwa kikaingia ndani. Akapapasa guu moja baada ya jingine mpaka akafika guu la nyuma la kushoto. Pale kwenye kiungo palikuwa na kijishimo, na gundi ikakaa humo kana kwamba imepimwa kwa ajili yake. Dundu akavuta guu. Halikutoka.

Sihaba akawaita wenzake, akawaonyesha. Jua likitua, Dundu na wanawe walikuwa wamegandishwa ukutani.

Mzinga ukapona. Lakini nusu ya nyuki hawakuwepo, na Sihaba alitoka na ubawa umechanika, hata kuruka hawezi tena. Akaketi mlangoni, akalia kwa sauti, wala hakuona haya, maana waliokufa walikuwa dada zake. Alipokwisha kulia akabandua gamba moja la Dundu, akaligandisha kwa ndani pale mlangoni. Akasema, "Kuanzia leo, kila anayezaliwa aje hapa kwanza."

Akawatungia na wimbo. Nami naimba, mniitikie:

*Gusa mgongo, gusa guu,*
*nusa vyema, ni Dundu;*
*akija chini, akija juu,*
*gundi kwenye lake guu.*

Gamba lile lilikuwa limekufa, haliwezi kula hata tone. Ila harufu yake ilikuwa ile ile. Mtoto alipoligusa, mbawa zilimuuma siku moja, akalala mapema. Asubuhi aliamka mzima, na jambo analijua.

Msiniulize Sihaba aliishi miaka mingapi. Mmefundishwa shuleni kwamba nyuki haishi muda mrefu. Huyu wangu aliishi. Kuna nyuki wa kuruka, na kuna nyuki wa kukumbuka.

Mvua zilizofuata akaja mdogo wake Dundu. Akamgonga mlinzi mdomoni mara mbili, "Bibi, njaa." Mlinzi akafumbua mdomo, kisha akaufumba. Ile harufu. Akaimba wimbo, wenzake wakaitikia, na kabla mate hayajakauka mgeni alikuwa ameganda kwenye kizingiti. Hakufa nyuki hata mmoja. Asali haikuharibika hata tone.

Mnadhani walishukuru? Walicheka. "Huyu ndiye Dundu tunayetishwa naye? Mbona mnyonge hivi?"

Sasa palikuwa na nyuki mmoja akiitwa Bi Mashavu, msimamizi wa usafi, fagio halimtoki, na tangu azaliwe hajaligusa gamba kwa kuliona uchafu. Akasema, "Nyumba ya heshima haiweki mzoga mlangoni. Na watoto wanaumizwa mbawa kwa ajili ya mdudu ambaye hata hatumwoni."

"Humwoni kwa sababu ya hilo gamba," Sihaba akajibu.

"Bibi, hizo ni hadithi zako."

"Ni zangu, ndiyo. Nilizilipia ubawa."

Bi Mashavu hakuwa mbaya, nawaambia. Aliwapenda watoto. Alipowaona wamejikunyata kwa maumivu, moyo ulimkata. Basi akalibandua gamba, akalisukuma nje, likaanguka chini kabisa kwenye majani.

Siku hiyo hiyo akazaliwa Tunu. Lilikuwa yai la mwisho la msimu, na katoto kenyewe kadogo, walezi walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Sihaba ndiye aliyekalisha asali tone kwa tone. Sihaba alimpenda Tunu kuliko mboni ya jicho lake, akimwita mjukuu wangu, na aliyecheka alikipata cha ulimi.

Alipoona mlangoni hapana gamba na Tunu hajaligusa, usingizi ulimpaa. Asubuhi akashuka mgunga kwa miguu. Chini akakuta sisimizi wamekwisha kulivunja gamba na kuligawana. Akawabembeleza, wakamwachia kipande kama ncha ya sindano. Akakibeba, akaanza kupanda. Akateleza mara ya kwanza, akaanza upya. Akateleza mara ya pili, akaanza upya. Mara ya tatu alitukana, akapanda mpaka juu.

"Tunu, mjukuu wangu, njoo uguse."

"Bibi, wenzangu hawakugusa. Itaniuma?"

"Itakuuma."

"Sana?"

"Leo tu."

Tunu akagusa, akanusa, akaimba. Kile kipande kikasagika chote, hakikubaki cha mtoto mwingine. Mbawa zikamuuma Tunu, akalia, akasema, "Wewe hunipendi." Sihaba, mwenye ulimi ule, siku hiyo hakujibu kitu. Alimfunika kwa ule ubawa wake mmoja mzima, akakaa naye mpaka maumivu yakapoa.

Masika yakaingia. Wakaja madundu watatu, na safari hii wamefuatana kwa adabu, wamepitia mlangoni kama wageni wa arusi. Wa kwanza akamgonga mlinzi mdomoni mara mbili. Walinzi wa zamani walikuwa wamekwisha kufa, na huyu mpya alikuwa amelelewa vyema, akampa asali. Wa pili akagonga, akapewa. Wa tatu, mkubwa wao, akamgonga mdomoni Bi Mashavu mwenyewe. "Bibi, njaa." Bi Mashavu akamlisha, akamwonyesha na mahali pa kupumzika, pale pale penye majana.

Tunu alikuwa anarudi kutoka kwenye maua, miguu imejaa chavua. Mlangoni akasimama. Hakuwahi kumwona Dundu maishani mwake. Lakini mbawa zikamuuma pale pale zilipomuuma siku ile. Akadondosha chavua yote, akaifuata harufu mpaka kwenye masega.

"Tunu, adabu," Bi Mashavu akasema. "Huyu ni mgeni."

"Shikamoo, Bi Mashavu," Tunu akasema, "na unisamehe. Mgeni wako anataga."

Wakainama, wakatazama. Mayai yalikuwa chini ya tumbo la Dundu, meupe, yamepangana vizuri. Bi Mashavu akarudi nyuma. Fagio likamdondoka.

Tunu akaanza kuimba. Mwitikieni, yuko peke yake:

*Gusa mgongo, gusa guu,*
*nusa vyema, ni Dundu;*
*akija chini, akija juu,*
*gundi kwenye lake guu.*

Akachukua gundi, akampaka yule mkubwa guu la nyuma la kushoto, kiungoni. Dundu akavuta guu. Halikutoka. Wenzake Tunu hawakujua, lakini kumfuata anayejua ni rahisi kuliko kubuni. Wengine wakashika gundi, wengine wakajipanga kutikisa mbawa. Safari hii Mama Malkia ndiye aliyesema, "Tikiseni, wanangu. Joto hili ni sisi. Na maji yawe karibu." Jua halijafika utosini, madundu wote watatu walikuwa wameganda na mayai yametupwa nje. Waliokufa ni saba. Saba nao wana mama, msiseme ni wachache.

Tunu akakimbia kumpasha bibi yake habari. Akamwita, hakuitika. Akamkuta kwenye kizingiti, amejilaza pale lilipokuwa gamba, miguu imemnata gundi mbichi. Na kwa nje ya mlango palikuwa na Dundu wa nne, mkubwa kuliko wote watatu. Alikuwa ameganda kwa guu la nyuma la kushoto. Wenzake wote walipokimbilia ndani, mlango alibaki nao kikongwe mwenye ubawa mmoja.

Sihaba alikuwa ameshapoa, roho imemtoka. Tunu akamlilia siku nzima, na mzinga wote ukamlilia naye, walezi, wafagiaji na walinzi.

Kisha Tunu akambandua yule wa nne gamba moja, akaligandisha mahali pake pa zamani. Watoto wakapanga mstari. Aliyesimama mbele yao, mtu mzima na mashavu yake, alikuwa Bi Mashavu.

"Itaniuma?" akauliza.

"Leo tu," Tunu akasema.

Basi wajukuu zangu, mafunzo ndiyo hayo. Adui anayekumbukwa hapati mlango, na aliyesahauliwa hulishwa na mwenyeji. Mwili wako nao ni mzinga, Mwatima. Ngozi ndiyo gundi yake, na ndani mna nyuki wengi wanaokupenda bila kukujua jina. Ukipata homa, mara nyingi ni wao wanatikisa mbawa. Na kwa kuwa joto likizidi hata nta huyeyuka, mama yako hangoji, hukubeba mbio mpaka zahanati. Na ile sindano ya jana ni gamba tu. Leo unalala umenuna. Lakini ndani humo kuna Sihaba mmoja ameketi mlangoni, amenusa, na hasahau.

Ngano yangu naizibia hapa, naipaka gundi isivuje. Ikiwa tamu, rambeni, asali ni yenu. Ikiwa imechoma, si mimi, niliwaambia tangu mwanzo kwamba ndani mna nyuki.