Kigae Kimoja Kilichopungua

Haya, sogeeni. Na nyie mnaojisifu kwa hesabu kaeni mbele kabisa, leo mtatoka jasho.

Palikuwa na fundi wa sakafu, Pandu, na wanawe watatu. Mwantumu akihesabu hakosei, hata umsemeshe. Shaame hachoki, jambo atalijaribu mpaka likubali. Bihindi, kitindamimba, hesabu zinampiga chenga, lakini umbo analiona kabla hajaligusa.

Liwali alimpa Pandu kazi. "Sakafu ya pembe nne, ya ukumbi wa kukaa watu; ukubwa pima mwenyewe, kuta zitafuata. Kigae kisikatwe wala kisibaki. Siku ya kumi nakuja. Nikikuta kasoro, unalala gerezani."

Pandu akapiga hesabu yake: vigae mia moja na viwili kila upande. Vikachomwa, kisha tanuri likavunjwa papo hapo. Ndiyo desturi ya liwali, mwingine asije kupata vigae kama vyake.

Chokaa ilikuwa imeshakorogwa Mwantumu alipomshika baba yake mkono. "Baba, usimwage! Nimehesabu mara mbili. Ni elfu kumi, mia nne na tatu. Kimoja hakipo."

Pandu akakaa chini. Chokaa ingemwagwa ikashika, wangejua wakiwa wamechelewa.

Shaame akaanza kuigawa ile namba, atafute upande mwingine wa sakafu utakaomaliza vigae vyote. Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, zikabaki mbili. Kwa saba, ikabaki moja tena. Siku mbili hakula chakula cha maana.

"Baba, nimefika mia. Imekataa zote."

Pandu akamwita jirani, akamwusia wanawe, awatunze yeye akifungwa. Hofu ilimjaa, hata kanzu ilimshinda kufunga kifungo.

Asubuhi Bihindi akapanga vigae uani, bila chokaa: safu mia moja na mbili, ya mwisho ina pengo. Akazitazama weee. Kisha akaiondoa ile safu yenye pengo, vigae mia moja na kimoja, akavipanga ubavuni mwa safu zilizobaki. Nazo zilikuwa mia moja na moja! Kila safu ikapata kigae chake.

"Baba, njoo uone."

Wakalaza sakafu usiku na mchana. Liwali akaja, akaizunguka mara mbili, akaondoka ameridhika.

Sasa, katika ukoo wa Pandu, mwiko wa ufundi, ule wa kulazia chokaa, hurithiwa na mtoto mmoja tu, yule aliyeokoa kazi.

"Ilibaki namba moja nifike!" Shaame alilalamika. "Na ni mimi ninayejua kwamba kwa vigae vile ukumbi wa vipimo vingine haupo."

"Mimi nilihamisha safu tu," alisema Bihindi.

Pandu akamnyooshea mwiko Mwantumu, aliyewahi kuizuia chokaa. Mwantumu akarudi nyuma, machozi yanamtoka.

"Baba, kigae kile nilikivunja mimi. Vipande nimevifukia nyuma ya jiko. Nilihesabu mara mbili nikiomba niwe nimekosea."

Mkono wa Pandu ungali hewani, na watoto watatu wanautazama. Je, wewe ungempa nani huo mwiko?