Mtungi Usiopungua

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanasemezana bila kuoneana haya, nchi ya Nyika ilipatwa na mwaka mbaya. Mvua za masika zilinyesha vizuri. Kipupwe kilipita na ubaridi wake, hakuna aliyelalamika. Ilipofika zamu ya vuli, mawingu yalikuja, yakasimama juu ya vilima, yakatazama chini, yakaenda zao. Kiangazi, ambacho kwa kawaida hungoja vuli imalize kazi yake, hakikuona sababu ya kungoja. Kikaingia.

Aliyeumia zaidi ni Bi Kanga, kwa sababu alikuwa ameyaamini yale mawingu. Kanga hutaga akitarajia mvua, ili vifaranga wakianguliwa wakute majani machanga na wadudu wanono. Bi Kanga akataga. Mawingu yalipoondoka, hayakuondoka na mayai.

Tumaini lake lilikuwa moja, nalo ni bustani ya nyuma ya nyumba. Ilikuwa ndogo, lakini yenye adabu. Wakati wa masika alipanda kunde, mchicha na mabamia ndani ya vishimo, ili kila tone likae pale lilipoangukia. Wakati wa kipupwe alitandaza nyasi kavu juu ya udongo, maana jua la Nyika hunywa kuliko mnyama yeyote. Na kwa ajili ya kiangazi alifukia mitungi. Kila kishimo kilikuwa na mtungi wake katikati, umezikwa hadi shingoni, na kifuniko juu. Ilikuwa mitungi ya udongo mtupu, ile inayotoa jasho. Ukiijaza asubuhi, maji hupenya taratibu hadi kwenye mizizi, na jua halipati habari. Kesho yake maji huwa yameshuka, nawe hujaza tena.

Taabu ilikuwa huko kujaza. Chemchemi pekee iliyobaki ilikuwa mbali, chini ya miamba, na njia yake ilipita kwenye miiba. Miguu ya kwenda Bi Kanga alikuwa nayo. Lakini alikuwa anaatamia, na mayai yakiachwa wazi katika jua lile, mama angerudi akute chakula badala ya watoto. Akibaki, bustani itakufa, na vifaranga watazaliwa kwenye vumbi. Akaketi juu ya mayai yake, akaitazama mitungi yake ikishuka.

Ndipo akaja Sungura.

Sungura hakuwa mkulima. Alikuwa mpaka mafuta wa Mfalme Simba. Simba alipenda singa za shingo yake zing'ae, na kila asubuhi Sungura alizichana na kuzipaka mafuta ya mkia wa kondoo kutoka kwenye kibuyu cha kifalme, huku akisema maneno mazuri. Kazi hiyo iliisha mapema. Baada ya hapo alikuwa mtu huru, mwenye njaa.

"Hodi, dada Kanga."

"Karibu, Sungura. Karibia huko huko uliko, usinikanyagie mchicha."

"Nimesikia kilio chako."

"Sijalia."

"Basi nimekisikia kabla hujakitoa. Dada, wewe tulia, atamia. Mimi nitakujazia mitungi. Ujira wangu ni nusu ya mboga."

"Nusu ni nyingi."

"Na njia ni ndefu. Tumelingana."

Bi Kanga alifikiri, kisha akasema, "Haya. Lakini sikiliza, mdogo wangu. Sitakuuliza umepita wapi wala umepumzika wapi. Nataka kitu kimoja. Nikifunua kifuniko, nikute maji yako shingoni mwa mtungi."

"Shingoni?"

"Shingoni."

"Hicho tu?"

"Hicho tu."

Sungura akatabasamu. Bi Kanga alidhani ni tabasamu la mtu aliyepata kazi.

Siku za mwanzo Sungura alichota kweli. Alikuja na vibuyu, akajaza, akaenda. Kesho yake akakuta maji yameshuka, akajaza tena, akaenda akiugua mabega. Asubuhi moja akaja mapema zaidi, na kwapani alikuwa na kibuyu kidogo asichokuwa nacho jana. Akachuchumaa mtungi kwa mtungi, mkono umezama hadi begani, anasugua.

"Unafanya nini huko?" Bi Kanga akauliza kutoka kiotani.

"Nasafisha, dada. Mtungi ukiota ukoga, maji hunuka."

"Mungu akubariki."

"Amin."

Kisha akajaza mitungi yote, akapiga makofi kidogo, akaimba:

"Jaa mtungi, jaa,
kwa Bi Kanga hakuna njaa."

Tangu siku hiyo hakuonekana tena na vibuyu. Alionekana na wimbo. Alikuja, akafunua vifuniko, akaimba, akafunika, akachuma mboga, akaenda zake. Nazo kunde zikaanza kunyauka.

"Sungura," akasema Bi Kanga, "kunde zimeinamisha vichwa."

"Zinakusalimu."

"Na mchicha umekuwa wa manjano."

"Unaiva."

"Mchicha hauivi, ndugu yangu. Mchicha si embe."

"Dada, tulipatana nini? Njoo ufunue."

Bi Kanga akayafunika mayai kwa majani makavu, akatoka mbio, akafunua kifuniko cha kwanza. Maji yalikuwa shingoni. Akafunua cha pili. Shingoni. Akasimama pale na kifuniko mdomoni, na jua linachoma. Mwishowe alisema neno pekee linalosemwa na mtu aliyeonyeshwa ushahidi.

"Samahani."

"Nimesamehe," akasema Sungura. Akachukua nusu yake. Kwa kuwa nusu ya bustani ilikuwa imekauka na nusu ilikuwa hai, alichukua ile iliyo hai, ili, kama alivyoeleza, asimchanganyie mwenye shamba mbichi na kavu.

Bi Kanga akarudi kiotani. Alipolala juu ya mayai, alihisi kitu tumboni. Ndani ya yai moja mtu alikuwa anagonga: ko, ko. Kwa mara ya kwanza tangu atage, hakufurahi. Alitazama bustani, akatamani yule aliye ndani asiwe na haraka.

Siku ya pili yake, jua likiwa utosini, Fisi alipita nje ya ua. Fisi alikuwa jirani mwema wa bustani kwa sababu hakuwa na haja nayo. Aliamini kwamba majani ni chakula cha chakula chake. Lakini leo alisimama, akainua pua, na denda likaanza kumtoka.

"Jirani, unapika nini?"

"Sipiki. Naatamia."

"Usinifiche, Bi Kanga. Hapa pana mkia wa kondoo."

"Kondoo yupi? Hapa pana mimi, mayai na mchicha unaokata roho."

Fisi akafumba macho, akavuta hewa. "Dume. Mnene. Ameyeyushwa kwa moto mdogo. Jirani, pua hii imeniaibisha mara nyingi, lakini haijanidanganya hata siku moja."

"Harufu inatokea wapi?"

"Ardhini," akasema Fisi kwa unyenyekevu, akaelekeza pua kwenye mtungi.

Bi Kanga akautazama mtungi. Mafuta ya kondoo. Kibuyu kidogo kwapani. Mkono hadi begani. Mambo yakajipanga yenyewe kichwani mwake, moja nyuma ya jingine, kama vifaranga. Mtungi uliopakwa mafuta hautoi jasho. Ulijaa kila siku kwa sababu haukumpa mtu kitu. Na yeye alikuwa akifunua kifuniko na kutulia moyo kwa kuona kile kile kilichokuwa kinaiua bustani yake.

Hakulia. Akasema, "Jirani, unayataka hayo mafuta?"

Swali lenyewe lilimtoa Fisi machozi.

"Basi ingia. Lakini maji uyamwage polepole kwenye mashina, usiyamwage njiani. Halafu kwangua, lamba, geuzia mdomo wa mtungi juani hadi mafuta yaliyojificha yatoke, ulambe tena. Mchicha usiukanyage."

"Na mayai?"

"Ukiyatazama tena mayai, nitapiga kelele."

Fisi alikuwa anazijua kelele za kanga. Nyika nzima ilizijua. Akayageuzia mayai mgongo, akang'oa mtungi wa kwanza. Alilamba kama mtu anayesali. Hakuacha ufa, hakuacha pembe. Alipofika kwenye mtungi wa mwisho, mitungi mingine ilikuwa mitupu kuliko siku ilipotoka kwa mfinyanzi, na kunde zilikuwa zimelowa mashina.

Wakati huo Sungura akaja, na wimbo wake mdomoni. Akamkuta Fisi kichwa kimo mtungini.

"Mjomba Fisi! Unafanya nini humo?"

"Anasafisha," Bi Kanga akamjibia. "Mtungi ukiota ukoga, maji hunuka."

Wimbo ukaisha. Fisi akachomoa kichwa, akanusa.

"Mpwa wangu, hebu mikono yako."

"Mikono yangu ina nini?"

"Ina kondoo."

Akamshika, akailamba mikono ile, mmoja baada ya mwingine. Mafuta yakaisha. Fisi hakuacha.

"Mjomba, hapo umefika kwangu mimi sasa."

"Najua," akasema Fisi. "Nautafuta mpaka uko wapi."

Sungura akaanza kurusha mateke. Naye Bi Kanga akafungua kinywa, akapiga ile kelele yake. Ndege waliruka kutoka kwenye miti ya mbali. Punde vichaka vikapasuka, akatokea Simba mwenyewe, amekatizwa usingizi, singa zimemsimama kama nyasi za paa bovu.

"Nani anachinjwa?"

"Hakuna bado, Mtukufu," akasema Fisi.

Bi Kanga akaeleza yote, tangu mapatano hadi mafuta. Simba akasikiliza kwa uzito wa kifalme.

"Mafuta ya kondoo hapa Nyika ninayo mimi peke yangu," akasema, "na Sungura hunipaka kila asubuhi."

Fisi akamsogelea kwa heshima, akamnusa. "Niwie radhi, Mtukufu. Wewe hunuki kondoo."

"Nanuka nini?"

"Chemchemi."

Sungura aliangalia juu, kama mtu anayetafuta wingu. Simba akakumbuka kwamba kwa siku kadhaa sasa alikuwa aking'aa alfajiri na kukauka kabla ya saa nne, na kwamba Sungura alimwambia huo ndio mtindo. Akakumbuka pia kwamba yeye ni Simba.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua, Mtukufu?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilitaka kuona atafika wapi."

Hakuna aliyecheka. Fisi, ambaye kicheko chake kinajulikana, alijishughulisha sana na kutazama bamia moja.

"Sasa amefika," Simba akaendelea. "Kama anajua kuchota maji ya kunipaka mimi, anajua kuchota ya kunywesha kunde. Ataifukia tena mitungi hii na kuijaza hadi masika. Hatalipwa hata jani. Bi Kanga, una neno?"

"Ninalo. Yale mapatano ya kwanza niliyakosea mimi. Sasa asubuhi nikute maji shingoni, na jioni nikute yameshuka."

"Imepita. Fisi atakagua mitungi kila siku kwa ulimi. Na mikono ya Sungura pia."

Fisi aliupokea wadhifa kwa moyo safi na mate mengi.

"Na mafuta yangu yaliyobaki?" Simba akauliza.

"Hayakubaki, Mtukufu," akasema Fisi. "Nilisaidia."

Siku chache baadaye mayai yakapasuka. Mabamia mengine hayakuamka tena, lakini kunde ziliinua vichwa, na pembezoni mwa mitungi mchicha mpya ukachipua chini ya nyasi, pamoja na wadudu wake. Vifaranga wakadonoa siku nzima. Kila asubuhi walimwona Sungura akitoka miibani, amejitwika vibuyu, haimbi, na Fisi akimngoja karibu na mtungi wa kwanza huku akijiramba. Kwa kuwa hawakuwahi kumwona vinginevyo, waliamini kuwa huyo ni mnyama anayezaliwa na vibuyu mgongoni, na mama yao hakuona haja ya kuwasahihisha.

Njia ya mwongo ni fupi.